Imatinibu mg 400, baada ya miaka kumi na moja ya kuimeza

Naanza na upande wa kushoto wa tumbo langu, maana ndiko habari ilikoanzia. Mwishoni mwa 2013 kanga ilianza kunibana upande mmoja. Nikilala kwa ubavu wa kushoto nahisi nimelalia jiwe. Nikila vijiko vitatu vya wali, nimeshiba. Huku kwetu Tanga bandama ikivimba wa kwanza kushtakiwa ni malaria, nami nilimeza dawa mseto mara tatu ndani ya miezi miwili bila mtu kukuta mdudu hata mmoja kwenye damu yangu. Februari 2014 kijana wa maabara alinitoa damu, akaipitisha kwenye mashine, kisha akaipitisha tena. Akatoka nje kunifuata kwenye benchi. "Shikamoo mama. Umekuja mwenyewe kwa miguu?" Seli nyeupe zilikuwa 286,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Mtu mzima huwa na 4,000 hadi 11,000.

Dar es Salaam walithibitisha kwamba ni saratani ya damu, ile ambayo madaktari huiita CML. Nikarudi nyumbani na boksi la vidonge vya imatinibu, mg 400, kimoja kwa siku. Ilikuwa Machi 2014. Tangu hapo nimemeza vidonge karibu 4,000, na nimeona nikieleze kidonge hiki kama mtu anavyoeleza kitu alichokaa nacho mpaka akakijua: kinafanya nini, kinauma wapi, na mtu anayeanza leo ajihadhari na nini.

Vya kwanza vilikuwa Glivec yenyewe, ya kampuni ya Novartis. Niliipata bure kupitia mpango wao na shirika la Max Foundation, mpango ulioanza 2002 kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo wa kununua. Kidonge chake cha mg 400 ni kirefu kiasi, rangi yake ni kati ya njano iliyokolea na udongo mwekundu, na kina mstari katikati. Ni kichungu. Kikikaa ulimini kidogo tu kabla hujakimeza, uchungu wake utakuwa nao mpaka adhuhuri. Kinataka tumbo lenye chakula na bilauri kubwa ya maji, na hili si pendekezo. Wiki ya kwanza nilikimeza na chai ya rangi peke yake nikatapika mbele ya mlango wa ofisi. Kwa maandazi na mbaazi kinatulia kabisa. Ramadhani nilimuuliza daktari, akaniambia kwa kuwa dozi ni moja kwa siku naweza kuihamishia usiku. Basi namaliza kufuturu, nakula kitu kizito, ndipo nakimeza. Tende na uji havitoshi. Asiyeweza kumeza anaruhusiwa kukitia kwenye glasi ya maji, mililita 200 hivi, akakoroga mpaka kiyeyuke na kukinywa papo hapo. Mzee mmoja wa Pangani niliyekuwa nakutana naye kliniki alikinywa hivyo siku zote.

Sasa nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu bila kulijua hili nisingekiheshimu, na ukweli ni kwamba kuna kipindi sikukiheshimu.

Nimefanya kazi masjala ya halmashauri miaka 27. Daktari wangu alipojua hivyo alisogeza kiti akasema, "Basi mama, wewe ugonjwa huu utauelewa kuliko wanafunzi wangu. Unajua muhuri."

Alinieleza hivi. Ndani ya kila seli kuna protini nyingi ambazo kazi yake ni kupokezana habari kutoka kwenye ngozi ya seli hadi kwenye kiini, mahali yanapokaa maagizo ya kukua na kugawanyika. Habari haipiti hivihivi. Kila protini husubiri kugongwa muhuri ndipo iamke. Muhuri wenyewe ni fosfeti, kipande kidogo chenye fosforasi na oksijeni. Anayegonga ni kimeng'enya kiitwacho kinasi: anainyofoa fosfeti kwenye ATP, molekuli inayobeba nguvu za seli, anaibandika kwenye protini, na protini ile hubadilika umbo kidogo na kuanza kazi. Mara nyingi inayoamshwa nayo ni kinasi, kwa hiyo inageuka na kumgonga wa meza inayofuata. Kisha kuna vimeng'enya wa upande wa pili, fosfatasi, ambao kazi yao ni kufuta muhuri ili faili lirudi kabatini. Seli yenye afya inaishi kati ya hao wawili, mmoja anagonga, mwingine anafuta, na wote wanafuata maagizo. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Karibu 90 kati ya hizo hugonga mahali pamoja tu, kwenye asidi amino iitwayo tairosini.

Niliuliza nani aligundua mambo ya mihuri hii. Edwin Krebs na Edmond Fischer, walioliona jambo hili Seattle, Marekani, miaka ya 1950, walipokuwa wakichunguza jinsi msuli unavyoifungua akiba yake ya sukari. Walikuta kimeng'enya kimoja kinalala na kuamka kwa kubandikwa na kubanduliwa fosfeti. Wakati ule ilionekana ni habari ya misuli tu. Tuzo ya Nobel walipewa 1992, baada ya watu kuona kwamba karibu kila shughuli ndani ya seli inapita kwenye muhuri huo.

Karani wa kwangu aliyeharibika anaitwa ABL. Katika mtu mzima wa afya ABL ni mtulivu. Mwanzo wa protini yake hujikunja na kumbana mwenyewe, kama mtu aliyefungiwa droo, mpaka maagizo yaje. Lakini siku moja, ndani ya seli moja tu ya uboho wangu, kromosomu ya 9 na ya 22 zilikatika na kubadilishana vipande. Jeni ya ABL ikaenda kushonwa kwenye jeni nyingine iitwayo BCR. Ule mwanzo uliokuwa kufuli ukabaki nyuma, na mahali pake pakaja kipande cha BCR, ambacho tabia yake ni kushikana na wenzake. Basi makarani wale wakakutana wawiliwawili, wannewanne, wakawa wanagongana mihuri wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyewatuma. Kromosomu ile fupi iliyobaki waliiona Peter Nowell na David Hungerford mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, ndiyo maana inaitwa kromosomu ya Philadelphia. Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyeonyesha, mwaka 1973, kwamba si kipande kilichopotea bali ni kubadilishana.

Nilimwuliza daktari, karani mmoja akigonga ovyo, kwani anafika wapi? Akachora kwenye nyuma ya kadi yangu. BCR-ABL akigonga, RAS anaamka, RAS anamwamsha RAF, RAF anamgonga MEK, MEK anamgonga ERK, na ERK anaingia ndani ya kiini na amri ya kugawanyika. Wakati huohuo STAT5 anagongwa na kwenda kiini moja kwa moja bila kupitia meza hizo. Na kuna njia ya tatu, PI3K na AKT, ambayo huiambia seli isife hata siku zake zikiisha. Mlango mmoja, korido tatu. Nilipoiangalia ile kadi nilielewa 286,000 zilitoka wapi. Kadi hiyo ninayo mpaka leo, imechakaa kwenye mikunjo.

Kidonge hakimuui karani huyu. Nataka hili liwe wazi, kwa kuwa watu wengi wanaoanza hudhani wamepewa sumu ya kuua saratani kama zile dripu. Imatinibu inakwenda kukaa mahali ATP inapokaa. Ni kama mtu amekuja na kuikalia pedi ya wino. Karani yupo, mkono wake upo, muhuri upo, lakini wino haupatikani. Korido zote tatu zinakauka, na seli zilizokuwa zinaishi kwa amri yake zinaanza kufa zenyewe.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: kinasi zote zaidi ya 500 zinatumia ATP ileile. Mbona kidonge hakikalii pedi za wote na kuniua? Kumbe imatinibu haimkamati ABL akiwa amesimama kazini. Inamshika katika umbo lake la kupumzika, na katika kupumzika kila kinasi ina namna yake ya kukaa. Wanaofanana na ABL katika umbo hilo ni wachache. Nicholas Lydon na wenzake wa Ciba-Geigy kule Uswisi ndio walioitafuta molekuli hiyo, na Brian Druker, daktari wa Portland, Oregon, ndiye aliyeishikilia na kuipeleka kwa wagonjwa kuanzia Juni 1998. Katika jaribio lile la kwanza, wagonjwa 54 waliopewa mg 300 au zaidi, damu ya 53 ilirudi kawaida. Marekani iliidhinisha dawa Mei 2001.

Kwangu mimi ilikwenda hivi. Wiki ya tatu seli nyeupe 41,000. Wiki ya sita 7,200. Mwezi wa tatu nilifunga kanga kama zamani. Sijawahi kutumia kitu kingine kilichofanya kile kilichoahidiwa kwa usahihi wa namna hii. Kama ni maksi, ningekipa 9 kati ya 10.

Ile maksi moja ilitoka kwa sababu nitakayoieleza kwa urefu, kwani mimi sikuisoma popote kabla haijanikuta, na wanawake wenzangu weusi wanaoanza dawa hii wanapaswa kuijua siku ya kwanza.

Nilisema wanaofanana na ABL ni wachache. Mmoja wao anaitwa KIT. Huyu ni karani mwema, hana kosa. Yuko kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na bila mihuri yake seli zile zinadhoofika na kupunguza rangi. Imatinibu inamkalia pedi yake vilevile. (Ndiyo sababu dawa hii inatibu pia uvimbe fulani wa tumbo na utumbo, ambako KIT ndiye aliyeharibika.) Kufikia mwisho wa 2014 uso wangu ulikuwa umetakata kwa namna ambayo si ya kawaida. Kwanza mashavu, kisha shingo, kisha mikono hadi viwiko. Mimi ni mweusi wa asili, baba yangu Mdigo mweusi tititi, na sasa nilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juu ya hilo, macho yalivimba kila asubuhi kama mtu aliyelia usiku kucha. Madaktari wanadhani hilo linatokana na karani mwingine, PDGFR, anayehusika na mishipa midogo na maji ya mwilini.

Mji wetu una macho. Kwenye shughuli moja Ngamiani wifi yangu alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Wifi, kwa umri huu bado mkorogo?" Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Ofisini kijana mmoja alinitajia sabuni na kuniuliza kama ndiyo ninayotumia. Imamu wa msikiti wetu alitoa mawaidha juu ya wanawake wanaobadilisha maumbile, na shoga zangu wawili wakageuka kunitazama. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba nina saratani. Hivyo nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: niseme nina saratani, au niwe mama mtu mzima anayejichubua.

Binti yangu alikuwa anaolewa Aprili 2015. Katikati ya Machi niliacha kumeza. Nilijiambia ni mpaka harusi ipite. Sikumwambia daktari. Nilijisikia mzima kabisa, na hapo ndipo hatari ya ugonjwa huu ilipo: pedi ikiachwa wazi, karani anaanza kugonga siku hiyohiyo, lakini tumbo halitakwambia kwa miezi. Niliacha wiki saba. Ngozi ilianza kurudi, kweli, na harusini nilipendeza kwenye picha. Zitazame picha hizo utamwona mwanamke mwenye afya.

Mei nikaenda Dar na kupimwa PCR. Kipimo hiki huhesabu nakala za BCR-ABL ndani ya damu na kutoa jibu kwa asilimia katika kipimio cha kimataifa. Shabaha ni asilimia 10 au chini ifikapo mwezi wa tatu, na asilimia 0.1 au chini ifikapo mwaka. Mimi mwezi wa tatu nilikuwa 6. Novemba nilikuwa 0.4, nakwenda vizuri. Mei 2015 nikawa 5.2. Daktari hakunigombeza. Alifungua droo, akatoa makala ya kitabibu ya mwaka 2010 kutoka London. Wagonjwa 87 walipewa chupa za imatinibu zenye kifaa kwenye kifuniko kinachorekodi kila zinapofunguliwa, bila kuelezwa kwamba kifaa kile kinawahesabu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, karibu 94 kati ya 100 walitarajiwa kulifikia lile lengo la 0.1 ndani ya miaka sita. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, 28 tu. Asilimia 90 maana yake ni kukosa vidonge vitatu kwa mwezi. Mimi nilikuwa nimekosa 49.

Akanieleza na hofu nyingine. Seli zikiachiwa nafasi ya kugawanyika chini ya dawa nusunusu, mojawapo inaweza kubadilisha kiti chenyewe. Kuna mahali katika ABL, nambari 315, mlangoni kabisa mwa kiti cha ATP. Asidi amino iliyopo pale ikibadilika kuwa nyingine iliyo nene zaidi, imatinibu haiwezi tena kuingia, ila ATP inapita kama kawaida. Mabadiliko hayo huitwa T315I, na dasatinibu na nilotinibu, ambazo ni dawa za mkumbo wa pili, nazo zinagonga mwamba hapo. Ponatinibu inaweza, na tangu 2021 kuna asiminibu, ambayo haiendi kwenye kiti cha ATP kabisa bali inaingia kwenye lile shimo la kufuli la asili la ABL na kumfunga tena alivyofungwa zamani. Nilipoisikia hiyo ya mwisho, miaka ya baadaye, nilifurahi kama mtoto: wamemrudishia karani droo yake. Lakini dawa hizo bei yake na upatikanaji wake huku kwetu si wa kuutegemea. Nilirudi kwenye kidonge changu siku ileile, hapo kliniki, na chupa ya maji ya kununua dirishani.

Kuhusu ngozi nilifanya kitu kimoja tu, nacho nakipendekeza. Nilimwita wifi yangu nyumbani, nikamwekea boksi la dawa mezani na kadi yenye mchoro, nikamweleza KIT ni nani. Wifi yangu aliishia darasa la saba. Alielewa vizuri sana, akalia, na ndani ya siku nne Ngamiani nzima ilijua kwamba sijichubui. Nilikuwa nimeogopa huruma yao. Walikuja na samaki na mchele, wakarudi makwao. Rangi haijarudi, na naambiwa kwa wengi hurudi dozi ikipunguzwa au dawa ikiachwa. Navaa mikono mirefu, napaka mafuta ya nazi usiku, natembea na mwavuli.

Maudhi mengine ni madogo. Msuli wa shavu la mguu hukaza usiku wa manane, hasa nisipokunywa maji mchana; nasimama wima juu ya sakafu ya baridi mpaka uachie. Kuharisha kulikuwepo mwaka wa kwanza, kukaisha.

Balungi ndilo lililonisikitisha. Muheza wana mabalungi mazuri, na nilikuwa nakula moja kila jioni na chumvi na pilipili. Imatinibu husagwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na balungi humfunga mikono kimeng'enya huyo kule utumbo, dawa ikajaa mwilini kupita kiasi. Chungwa la kawaida halina neno. Kinyume chake kuna rifampisini, dawa ya kifua kikuu: hiyo huliamsha ini lisage imatinibu haraka mpaka inabaki kidogo kisichotosha. Huku kifua kikuu si kigeni, kwa hiyo ukiandikiwa dawa hizo, sema mapema unameza nini. Na dawa za miti shamba za kuchemsha, mimi nimeziacha zote. Sijui ndani yake nani anamfunga nani.

Sasa kuhusu huduma. Baadaye nilihamishiwa imatinibu za viwanda vya India. Baraza lilipogawanyika kliniki, wengine wakisema ya India ni feki, mimi nilingoja PCR. Nilikuwa 0.04 na Glivec. Miezi sita baada ya kuhama nikawa 0.03. Molekuli ni ileile. Rangi ya kidonge hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, cha sasa ni cha kahawia na ganda lake ni laini zaidi, kinateleza vizuri kuliko cha Novartis. Wanaokumbuka, Aprili 1, 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza juu ya namna mpya ya fuwele ya dawa hii, na viwanda vya kule vikaendelea kuitengeneza. Kule Marekani dawa ilipotoka 2001 mwaka mmoja wa matibabu uligharimu zaidi ya dola 24,000. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Mimi ni mstaafu wa masjala. Bila ule mpango wa bure, hukumu ile na orodha hiyo kufuatana, nisingekuwa naandika.

Dirisha la dawa ndiyo sehemu mbaya ya safari hii. Hospitali moja, sitaitaja, mwaka 2018 waliishiwa vidonge vya mg 400 wakanipa maboksi ya mg 100. Sawa, unameza vinne. Lakini juu ya bahasha kijana aliandika kwa kalamu "1x1", na mimi niliyekuwa nimezoea kimoja nilimeza kimoja. Siku tisa. Niligundua nilipokuwa nasoma boksi kumtafutia mjukuu wangu tarehe ya kuisha muda, kwani alikuwa anajifunza kusoma namba. Robo ya dozi kwa siku tisa, kwa mtu niliyekwisha kueleza historia yake. Niliporudi kulalamika nikaambiwa, "Bibi, si umesaini?" Nimesaini karatasi miaka 27, najua saini ni nini na maelezo ni nini. Soma namba za mg kabla hujaondoka dirishani. Hesabu vidonge mbele yao.

Kwa upande wa kipimo, mambo yamekuwa bora kuliko nilivyotarajia. Zamani damu ilikwenda mbali na jibu lilikuja baada ya majuma. Siku hizi PCR yangu inafanyika kwa GeneXpert, mashine ileile inayopima makohozi ya kifua kikuu, wanabadilisha tu katriji. Saa mbili hivi jibu limetoka. Natoka Tanga kwa basi la alfajiri, zamani tukishukia Ubungo na sasa Mbezi, na siku ileile nalala kitandani kwangu nikijua namba yangu. Anayepanga nani apewe katriji na nani asubiri sijamwelewa bado, na mara mbili nimerudishwa kwa kuwa hazipo.

Mwezi uliopita namba ilikuwa 0.002. Daktari mpya, binti mdogo, aliniuliza kama nimesikia kuhusu kuacha. Nimesikia. Nchini Ufaransa waliwaachisha imatinibu wagonjwa 100 waliokaa miaka miwili au zaidi bila nakala hata moja kuonekana, na takriban 4 kati ya 10 ugonjwa haukurudi. Wengi wa wale uliowarudia waliitikia tena walipoanza dawa. Lakini wale, mwaka wa kwanza, walipimwa kila mwezi bila kukosa. "Katriji zipo za kila mwezi?" nikamwuliza. Akanyamaza, akaandika vidonge vya miezi mitatu.

Nikavihesabu dirishani, vyote 90, vya mg 400. Yule dada wa dirishani alihesabu pamoja nami kwa sauti, kwa zamu, mmoja strip hii, mwingine ile.